Jina Langu Kwenye Msalaba wa Deo

Jumatatu asubuhi. Mvua ndogo ndogo, ile ya kunyunyiza kama mtu anapiga pasi. Tumbo tupu tangu jana jioni. Moyo, tuseme tu upo.

...basi kama nilivyokuwa naandika kabla yule daktari wa usingizi hajanikatiza na maswali yake ya meno ya bandia unayo, mzio unao: ule msalaba ulikuwa na jina langu.

Jina langu lote. NYIRANGENDAHIMANA. Na chini yake, KONSOLATA.

Haya, wewe uliyefika leo tu usinikimbie, nakurudisha nyuma kidogo. Mimi ndio Mama Klodi. Nauza chai na mandazi hapa Rwanda, pale njia ya kwenda Gahanga, kantini ya rangi ya kijani, ukuta mmoja na karakana ya Deo. Nilizaliwa ugenini, nikakulia Ngara, shule nikaishia darasa la tatu, ila mdomo niliendelea nao mpaka chuo kikuu. Klodine binti yangu, anayefanya kazi ofisini kule Kimihurura, ndiye aliyenifungulia hii blogu. Alisema mama unanipigia simu mara sita kwa siku kunihadithia mambo ya watu, andika huku, nitasoma jioni. Sasa mnasoma wengi. Karibuni.

Na Deo ni nani? Deo ni mtu wa herufi. Mwanaume wa miaka arobaini na kitu, mrefu, mpole, kidole gumba kimoja cheusi hakitakati hata siku ya Pasaka. Anaandika vibao vya maduka, namba za mageti, mabango ya kwaya, na misalaba ya makaburini. Zamani alikuwa Masoro, kwenye ghala la kahawa, anatoboa mabati ya kuchoreshea magunia. Siku hizi ana kompyuta na mashine ya kukata stika.

Alhamisi asubuhi nikampelekea chai. Ukungu ulikuwa umepanda kutoka bondeni mpaka barabarani, pikipiki unazisikia huzioni. Nikapita uani kwake, si unajua mimi sibishi hodi, na pale ukutani, kwenye weupe ule, nikaona watu wamesimama kwenye mstari.

Nakwambia watu. Weusi, wembamba, warefu, bega kwa bega, kila mmoja kavaa viatu vizito vya mraba. Hawana vichwa. Nikasema Mana yanjye, Mungu wangu, foleni ya nini asubuhi yote hii? Nikasogea. Kumbe herufi.

Nikasogea tena nikasoma. Mimi nasoma polepole, kwa kidole, kama naokota mchele. N. Y. I. R. Nilipofika kwenye G nikajua, lakini kidole hakikusimama, kiliendelea chenyewe mpaka mwisho.

Msalaba mweupe, rangi bado inanuka. Chini ya jina, kile wanachoandika kwenye kila msalaba huku kwetu: Yavutse, yaani alizaliwa, halafu nafasi wazi. Yitabye Imana, yaani aliitikia wito wa Mungu, halafu 20, halafu nafasi wazi.

Nafasi ya tarakimu mbili tu.

Deo akatoka ndani na kopo la gundi, anacheka.

“Mama Klodi! Umejiona?”

“Nimejiona. Nimekufa lini, sha?”

“Wewe hufi, utatuzika wote na habari zetu. Ni kipimo tu. Nilikuwa natafuta jina refu kuliko yote ninayoyajua nione kama herufi zitaenea. Nikakumbuka kibao chako cha kantini. Herufi kumi na saba! Zote zimekaa mstari mmoja, tazama.”

Na mimi nikacheka. Nilicheka sana, hata chai ikamwagika kwenye kiatu.

Sasa ngoja nikwambie jambo ambalo sikumwambia Deo, sikumwambia mama wa mboga, sikumwambia hata mwenyekiti wa kwaya yetu, na mimi unavyonijua. Jumatano, siku moja kabla ya huo msalaba, nilikuwa nimepewa karatasi hapa hospitali. Nina uvimbe tumboni. Mkubwa. Tarehe ya kupasuliwa: Jumatatu, yaani leo. Klodine peke yake alijua. Wengine wote niliwadanganya kwamba naenda Ngara kwenye harusi ya mpwa wangu. Nikapanga mpaka rangi za vitenge vya hiyo harusi. Mtu anayepeleka habari za wenzake kila mlango, yake aliifungia kabatini.

Sasa unaelewa kwa nini chai ilimwagika.

Deo hakujua kitu. Alisimama pale ananieleza, maana ukimgusia herufi ni kama umenigusia mimi ndoa za watu. Alisema hii ni fonti yake, yaani umbo lake la herufi, la siku zote, alianza nayo Masoro. Gunia lina matundu, alisema. Ukiliandika kwa herufi yenye ncha nyembamba, wino unapotelea kwenye matundu, kahawa inafika ng'ambo haina kwao. Lakini hizi zina nyayo. Kila mguu wa herufi unaishia kwenye kikanyagio kinene, unene sawa na mwili wenyewe, kona zimekatwa kama tofali. Hazipotei. Na msalabani ni vilevile, mvua inaanza kula herufi kutokea ncha, sasa hapa inakuta nyayo, inakula nyayo kwanza, miaka inapita mwili bado upo.

“Na kwa nini zimekondeshwa hivi? Hazili?”

“Mama Klodi, majina yetu. Mbao ya msalaba upana wake ni huu, siwezi kuivuta. Nikitumia herufi nene inabidi niifanye ndogo kama sisimizi, nani ataisoma? Au nilikate jina mistari miwili. Na jina la marehemu mimi silikati. Ukilikata, familia inakuja kukuuliza kwa nini umemkata mtu wao miguu. Hizi unazibana mbavu, urefu wake unabaki palepale. Mtu anapita barabarani kule, anajua nani amelala hapa.”

Akanionyesha O za Konsolata. Hazikuwa duara. Zimebanwa mpaka ubavu umenyooka, mviringo umebaki juu na chini tu. Yeye alisema ni kama madirisha ya kanisa. Mimi niliona masanduku mawili yamesimamishwa wima, na unajua masanduku gani nasema.

Akasema hazifai kwa maandishi marefu. Ukiandika nazo barua nzima, msomaji atahisi anafokewa. Ni za neno moja, mawili. Za kichwa cha habari, gunia, geti, kaburi.

Nikamwambia, kwa sauti ya utani, Deo, basi lifute, usiniwekee mkosi hapa. Akasema gundi haijakauka, akizibandua sasa zitachafua rangi, Jumamosi baada ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya mtaa, ataondoa zote. Ningeweza kung'ang'ania. Lakini ningeng'ang'ania angeuliza kwa nini, na mimi nikiulizwa kwa nini huwa najibu.

Nikaondoka na chupa yangu ya chai.

Tangu hapo hazikuniacha. Hivi umewahi kujifunza jina la mtu, halafu kila mahali unasikia anaitwa? Ijumaa niliziona kwenye mfuko wa saruji. Nikaziona kwenye lori linalopandisha mlima, limeandikwa ubavuni, nyayo zote zimepangwa kama sakafu. Nikaziona kwenye bango la mkutano wa injili, mvua imeshalichana lakini herufi zimesimama. Nikampigia Klodine, nikamwambia Klodi, hizi herufi zinanifuata. Akasema mama, ni fonti, iko kila mahali, ilikuwepo tangu zamani, wewe tu hukuiona.

Hilo ndilo lililonitisha. Kwamba zilikuwepo muda wote.

Jumamosi ikafika, umuganda. Tulikuwa tunazibua mtaro chini ya barabara, mimi na fagio langu, Deo na jembe. Kwa kawaida hapo ndipo mahali pangu, habari za wiki nzima nazimaliza mtaroni kabla ya saa tano. Siku hiyo niliona Deo hanitazami. Nikihamia kushoto, anahamia kulia. Nikamfuata mpaka mwisho wa mtaro ambako alikuwa hana pa kwenda.

“Deo, umelifuta?”

Akaendelea kuchimba mahali ambapo hapakuwa na tope.

“Mama Klodi, msalaba haupo.”

“Umeuweka wapi?”

“Umechukuliwa.”

Akanihadithia huku anatazama jembe. Ijumaa mchana alikuja muzehe mmoja, yaani mzee, na baiskeli, anakaa kule mbele ya Gahanga, njia ya Bugesera. Anaitwa Gaspari. Mke wake alifariki Alhamisi asubuhi. Alikuja kuagiza msalaba. Deo akachukua kalamu amwandikie jina, akamuuliza marehemu anaitwa nani. Muzehe aligeuza shingo. Alikuwa anatazama ukutani. Akatazama muda mrefu, halafu akavua kofia, akauliza kwa sauti ndogo:

“Nani alikuambia?”

Nyirangendahimana. Konsolata.

Yote mawili. Na yuko kwenye mbao tayari, mstari mmoja, hajakatwa miguu.

 Deo anasema alitaka kueleza, kwamba muzehe, hapana, hiki ni kipimo, hili ni jina la mama wa chai. Lakini muzehe alikuwa ameshapiga magoti anagusa herufi moja moja. Utamwambia nini mtu kama huyo? Akachukua stika za tarakimu, akajaza zile nafasi mbele yake. Kwa mwaka wa kuzaliwa, marehemu alinizidi mimi miaka miwili tu. Muzehe akafunga msalaba kwenye baiskeli kwa mpira, akaenda.

“Alhamisi asubuhi saa ngapi?” nikamuuliza Deo.

“Sikumuuliza.”

“Wewe ulilibandika jina saa ngapi?”

Akaanza kukwangua tope kwenye jembe.

Mimi, Mama Klodi, nikarudi nyumbani bila kusimama kwa mtu yeyote. Mama wa mboga aliniita mara mbili.

Usiku nisiuhesabu. Nilichofikiria hakikuwa kizuri, lakini hii ni shajara, nisipokisema hapa nitakisema wapi. Nilifikiria hivi: wito ulikuja kwa jina hilo, sawa. Sasa je, huo wito ulimchukua yule ambaye ulitumwa kumchukua? Au ulifika kwa Konsolata wa kwanza uliyemkuta njiani, na Jumatatu utarudi kusahihisha? Na jina langu limeshasimamishwa kwenye udongo. Nafasi zimejazwa. Kaburi lina jina, na mimi natembea.

Nikaamua jambo baya.

Jana Jumapili nilisema naenda misa ya kwanza. Sikwenda. Nilipanda moto, pikipiki ya abiria, nikashukia mbele ya Gahanga, nikauliza njia ya makaburi. Ukungu tena, mzito, unalowesha nyusi. Ndani ya pochi nilikuwa na wembe mpya, kwenye karatasi yake.

Ndiyo. Nilikwenda kulibandua jina langu.

Msalaba ulikuwa wa mwisho upande wa chini, kaburi jipya, udongo mwekundu bado una alama za viatu. Niliuona kwa mbali kabla sijaona kaburi lenyewe, maana Deo hakudanganya, hizo herufi zinaonekana. Zile nyayo zote chini zilikuwa zimeungana mstari mmoja, na juu yake wamesimama wale watu wembamba. Wananisubiri. Safari hii nilikuwa nawajua kwa majina.

Nikapiga magoti. Nikatoa wembe. Nikaanza na N ya mwanzo, mguu wa kushoto, kona ya kile kikanyagio. Stika ya Deo ni ngumu, sijui gundi gani anatumia. Wembe unateleza. Nikasukuma, nikasukuma, kona ikainuka kidogo, kama ukucha.

Na nyuma yangu, ndani ya ukungu, sauti ya mwanaume ikaita taratibu, kama anavyoitwa mtu aliyeko jikoni:

“Konso?”

Sasa sikiliza. Mimi nimelelewa na bibi yangu. Bibi alibeba adabu zote za Rwanda mpaka Ngara, alizibeba kichwani kabla ya sufuria. Mkubwa akikuita huulizi nini, husemi nakuja. Unaitikia Karame, yaani uishi miaka mingi. Hata kama uko usingizini. Nimechapwa mpaka imeingia kwenye damu. Mdomo wangu haukuniuliza.

“Karame!” nikaitikia.

Palepale, nimepiga magoti juu ya kaburi lake.

  Nikageuka. Muzehe mmoja mfupi, koti kubwa, kofia mkononi, alikuwa ameketi chini kwenye udongo uliolowa, miguu imenyooka mbele kama mtoto. Hakupiga kelele. Alikuwa ananitazama usoni, na mdomo wake unaenda bila sauti.

Nikasema muzehe, samahani, muzehe nisamehe, mimi ni mtu, mimi ni mtu mzima kabisa, nauza chai. Nikamshika mkono anihisi joto. Alinibana vidole mpaka vikauma.

“Kwa nini umeitikia?” akauliza.

“Kwa sababu ndiyo jina langu.”

“Jina lako nani?”

Nikalisema. Yote mawili. Muzehe Gaspari akanitazama, akatazama msalaba, akanitazama. Halafu, uzi nini, wajua nini, akaanza kucheka. Kicheko kidogo cha puani, huku machozi yanashuka kwenye mikunjo. Akasema mke wake mwenyewe angekuwepo angefurahi, alipenda sana vituko. Akasema huwa anamwita hivyo kila akirudi nyumbani, kabla hajafika mlangoni. Jana yake walipomaliza kuzika alirudi, akaita mlangoni kwa mazoea, nyumba ikanyamaza. Kwa hiyo asubuhi akasema atamwita huku aliko.

Tukakaa pale wawili kwenye unyevu. Nikamuuliza aliumwa nini, maana mimi hata kaburini lazima niulize.

“Sijui,” akasema. “Hakuniambia. Alikuwa anaumwa mwaka mzima, jirani ndio wananiambia sasa. Mimi alinipikia, akaniimbia, akaniambia ni uchovu. Nimejua wiki ya mwisho, hawezi hata kusimama. Hospitali wakasema mama angekuja mapema. Mtu alikuwa mcheshi, bwana. Unamtazama anacheka, utajuaje?”



Halafu akaiona ile kona. Aliinama, akaitazama N, akasema ah, upepo umeshaanza, mapema hivi. Akaweka kidole gumba chake, akaibonyeza. Ikainuka. Akabonyeza tena.

Mkono wangu ulikuwa kwenye pochi, juu ya wembe. Ningenyamaza, angelaumu upepo mpaka leo. Nikautoa wembe nikauweka mbele yake kwenye udongo. Nikamwambia ni mimi. Nikamwambia yote, karatasi ya hospitali, uvimbe, harusi ya uongo, kipimo cha Deo. Nilimwambia muzehe mimi sio mzima. Kesho wananipasua na naogopa, naogopa mpaka nimekuja kumuibia mkeo jina.

Alikuwa mtu wa kwanza kumwambia mwenyewe kwa mdomo wangu. Hata Klodine aliisoma kwenye karatasi.

Muzehe alichukua wembe, akaukunja kwenye karatasi yake vizuri, akanirudishia. Hakukasirika. Alisema tu: “Hili hapa lina mwenyewe, mama. Lako nenda nalo hospitali. Na watu wako waambie leo.”

Tukaibonyeza ile kona wote wawili, kidole changu juu ya chake, tukahesabu polepole mpaka ikashika.

Hapo ingekuwa mwisho mzuri na mimi ningelala. Lakini nilipokuwa nasimama, nafuta magoti, akaniambia nisubiri. Akaenda hatua kumi hivi, mpaka ukungu ukamla, nikawa naona koti tu. Akanigeuzia mgongo. Akasema nina ombi moja. Nitaita. Niitikie tena. Mara moja tu.

Akaita.

“Konso?”

Sikuweza.

Nilisimama na jina hilo mbele yangu, herufi zote kumi na saba zimenitazama, na mdomo ambao haujawahi kukataa kazi hata siku moja ukakataa. Nilihisi nikiitikia safari hii, nikijua, sitakuwa nimemuitikia yeye. Sijui kama unanielewa. Ile ya kwanza ilikuwa adabu. Hii ya pili ilikuwa kama kutia sahihi kwenye ule wito.

Alisubiri. Halafu koti likatikisa kichwa, likaondoka, nikasikia baiskeli inasukumwa.

Niliporudi nilipita kwa Deo, nikamwambia yote. Alilia, mwanaume mzima, akajifuta kwa kile kidole cheusi, uso ukabaki na mstari. Akasema hataandika tena jina la mtu hai kwenye mbao ya msalaba, atapima kwa majina ya milima. Nikamwambia mama wa mboga, naye akapiga kelele mpaka soko zima likajua kabla sijafika kwa mwenyekiti wa kwaya. Jioni Klodine akanileta hapa. Wamenipigia simu watu kumi na nne, mmoja ananidai maelezo ya vile vitenge vya harusi.

Na hapa sasa. Kitanda cha dirishani. Mbele yangu mwisho wa korido iko mlango wa chumba cha upasuaji, na juu ya mlango, wewe unajua tayari nitasema nini. Nyembamba, ndefu, nyeusi, na viatu vyao. Nilipoziona jana nilitaka kurudi nyumbani na kandambili za hospitali. Asubuhi hii nimezitazama sana. Klodine amenikuta nazitazama, akasema mama, zimewekwa hivyo ili mtu anayekimbia na mgonjwa asikosee mlango. Labda. Kazi yake ndiyo hiyo, kuonekana kwa mbali. Hazichagui zinasema nini.

Bado naziogopa. Nisikudanganye.

Lakini kinachonikaa kooni sio mlango. Ni yule muzehe kwenye ukungu, amenipa mgongo, anasubiri. Jana yote nimejiuliza ningepungukiwa nini. Pumzi moja. Neno la adabu ambalo nimewapa watu ambao hata hawakulistahili, nimempa mpaka mwenye nyumba. Yeye nimemnyima. Mke wake alinyamaza mwaka mzima ili asimsumbue, halafu mimi nikaja nikanyamaza tena kwa jina lilelile.

Kwa hiyo nimeamua, na naandika hapa mbele ya watu ili nisije nikajigeuza. Mshono ukikauka, siku ya kwanza ya kupanda moto, naenda kule mbele ya Gahanga. Nitamtafuta muzehe Gaspari. Nitamwambia aende hatua kumi, au ishirini, anigeuzie mgongo, aite. Na mimi nita

Ngoja, wamekuja. Wawili, na kitanda cha magurudumu. Huyu nesi mnene ana karatasi, ameshaanza kusoma jina, anahangaika katikati kama wote. Anasema mama simu hiyo haiingii ndani. Nakuja, nakuja, sentensi moja tu! Hataki. Klodi, shika. Hapo chini kuna kale kaneno ka kutuma, usifute kitu, ubonye